Doto Hakuwamo Kwenye Orodha

Siku ya kuniaga nilipewa saa ya ukutani, mashuka mawili na ombi. Saa nimemgawia jirani, kwa kuwa sina tena pa kuwahi. Mashuka ni mazuri. Ombi lilitoka kwa vijana watatu wa idara yetu, walioajiriwa juzijuzi: niandike uzoefu wangu katika kazi ya ustawi wa jamii hapa Tabora. "Itakuwa rejea kwetu, Mama." Rejea naijua. Ni karatasi inayogongwa mhuri, ikafungwa kamba, ikawekwa juu ya kabati ili mijusi wapate pa kutagia. Hata hivyo naandika. Kuna jambo moja ambalo kwenye majalada limeandikwa uongo, na mwandishi wa uongo huo ni mimi.

Vyeo na mshahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vimechelewa, mshahara ulikuja umechoka, na vyote viwili havikunifundisha kitu.

Siku ya kwanza niliripoti nimevaa viatu vya kisigino na gauni la Idi, maana mama yangu alisema serikalini huendi kama unavyokwenda kisimani. Alinipokea Mzee Kapela, afisa ustawi wa siku nyingi, Mnyamwezi mrefu mwenye koti lililopauka mabegani. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba huku anatazama viatu.

"Binti, hivyo umekuja navyo kuolewa au kufanya kazi?"

"Kufanya kazi, Mzee."

"Basi kesho njoo na vya kukimbilia. Watoto wetu hawakai ofisini."

Kesho yake alinibeba kwa baiskeli mpaka karibu na stesheni, kwenye ghala la karanga. Watoto kama kumi walikuwa pale wanaokota karanga zilizodondoka magunia yakipakiwa. Mimi, msomi, nilitoa daftari na kalamu nikamwita wa karibu. "Wewe, jina lako nani?" Kufumba na kufumbua hakukuwa na mtoto hata mmoja. Mzee Kapela alikaa juu ya gunia, akatoa kikata kucha mfukoni, akaanza kukata kucha zake mwenyewe, polepole, kana kwamba serikali imemwajiri kwa kazi hiyo tu. Baada ya muda akaja mtoto mmoja kushangaa. Kisha wawili. Mwishowe mmoja akanyoosha mkono wake mbele ya mzee, bila kuombwa, vidole vimetanuliwa.

"Mtoto usimwulize jina siku ya kwanza," aliniambia tukirudi. "Ndiyo mali pekee aliyobakiwa nayo. Ukiidai, atakimbia nayo."

Vitendea kazi vyangu kwa miaka yote iliyofuata vilikuwa hivi: kikata kucha, sindano ya kutolea miba na funza, kipande cha sabuni na chupa ya ile dawa ya vidonda ya zambarau. Vyote nilinunua mwenyewe. Serikali ilinipa daftari. Mzee Kapela alinifundisha na namna ya kulitumia: kwanza andika alivyosema mtoto, kwa maneno yake, hata kama ni upuuzi, halafu ruka mstari, ndipo uandike unavyofikiri wewe. "Ukianza na unavyofikiri wewe," alisema, "hujaandika taarifa, umeandika hotuba."

Watoto wenyewe walitoka kila upande. Wa Sikonge walikimbia mashamba ya tumbaku. Wa Usinge walikuja na treni za mizigo, weusi kwa moshi kama vyungu. Wa Nzega na Igunga walikuwa wamepoteza mbuzi wa mtu na kuona heri kupotea na wao kuliko kurudi kusema. Watu wa mjini walisema, "Hawa si wa kwetu." Nimefanya kazi hii hadi nimestaafu, na bado sijakutana na mji ambao watoto wa mitaani ni wa kwake.

Kitu kimoja tuliwapa kwa wingi: majina. Nilipoanza walikuwa watoto wa mitaani. Ikaja warsha, tukaambiwa hilo ni tusi, waitwe watoto waishio mitaani. Ikaja nyingine, wakawa watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Baadaye yakawa mazingira hatarishi. Kila jina lilikuja na fulana. Nakumbuka mtoto mmoja pale sokoni aliyevaa fulana za warsha tatu kwa mpigo, moja juu ya nyingine, na chini hakuwa na suruali. Hakuna warsha iliyogawa suruali.

Mzee Kapela alistaafu, akarudi kwao Igalula, akafa miaka michache baadaye. Mimi nikabaki na baiskeli, na nikawa ndiye niliyebobea. Mtu aliyebobea ni mtu ambaye hakuna tena wa kumwambia amekosea.

Sasa nije kwa Kulwa na Doto.

Hapa kwetu hakuna asiyejua kwamba Kulwa ni pacha aliyetangulia kuzaliwa na Doto ni aliyemfuata. Hawa walikuwa wasichana wa miaka kumi na moja hivi, kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya Nzega. Mama yao alikufa, wakachukuliwa na baba yao mdogo, aliyewatoa shule wamchungie mbuzi. Siku walipomsikia anajadiliana na mgeni kuhusu ng'ombe wa mahari, na mgeni anauliza "yupi kati yao," walipanda lori la mpunga wakashukia Tabora. Walilala kwenye baraza la fundi cherehani mmoja karibu na soko, ambaye mchana aliwatunzia furushi lao chini ya meza ya kukatia.

Walifanana kiasi kwamba watu wa sokoni waliacha kuhangaika, wakawaita wote wawili Kulwa. Mimi niliwatofautisha. Kulwa alikuwa na jibu la kila kitu, hata kabla hujauliza. Doto alikuwa mkimya, akimtazama mtu mdomoni, na kwake kikata kucha hakikuwa na kazi, maana kucha zote alishazitafuna. Nilikuwa nimeanza kuwatafutia shule na nyumba ya kulelewa. Fomu zilikuwa njiani. Fomu zetu daima ziko njiani.

Ndipo tukatangaziwa mgeni.

Mgeni alikuwa mkubwa, na alikuja kuzindua jiwe la kumbukumbu ya misafara ya kale. Kikao cha maandalizi kilikuwa na ajenda ya usafi wa mji, na chini yake vipengele vitatu: mashimo, mbwa, watoto. Mbwa walipewa muda mrefu kuliko sisi, kwa kuwa bwana mifugo alikuwa na hoja. Tulipofikiwa, mkuu wangu wa idara alisoma kwamba watoto wote wa mitaani "wataunganishwa na familia zao" kabla ya Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Niliitazama meza ile ndefu. Mgeni angesimama mbele ya jiwe awasikitikie watu waliotolewa makwao, wakaswagwa katika njia hizi hizi za Unyamwezi bila kuulizwa. Na ili asikitike katika mazingira safi, sisi tungekusanya watoto, tuwapakie, tuwaswage katika njia hizo hizo bila kuwauliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema apone kwa kuhamishwa. Niliangaza nione kama kuna mwingine aliyeliona jambo hilo. Wote walikuwa wanaandika. Nami nikainama nikaandika.

Jumanne asubuhi mgambo walipita sokoni na lori. Kulwa alikuwa amekwenda kumchotea maji mama lishe mmoja. Doto alikuwa barazani anamsubiri. Akapakiwa. Orodha iliandikwa humo humo ndani ya lori na mgambo mmoja, kwa kuwauliza wapita njia. Mstari wa saba ukasomeka hivi: Kulwa, msichana, Nzega.

Waliletwa ofisini kwangu mmoja mmoja, nijaze fomu ya kila mtoto na kutia saini. Mkuu wangu alisimama mlangoni na saa yake.

"Mama, basi la Nzega linaondoka saa nne. Taarifa iwe mezani kwangu kabla ya saa sita."

Doto akasimama mbele yangu. Nilikuwa nimeshaandika Kulwa.

"Mimi ni Doto," akasema.

"Orodha inasema Kulwa."

"Kulwa ni mwenzangu. Amekwenda majini. Mama, tumsubiri."

Vijana, hapo ndipo pa kusoma mara mbili. Sikuwa mgeni wa watoto wale. Nilijua ni mapacha. Nilijua walikimbia nini. Mkono wake ulikuwa juu ya meza yangu na kucha zimetafunwa. Hata ningekuwa kipofu ningemjua kwa kugusa. Na mimi, mwanafunzi wa Mzee Kapela, nilimwambia maneno haya:

"Nenda tu. Mtayamaliza huko huko nyumbani."

Nikatia saini. Mgambo mmoja, kijana mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, akamshika Doto mkono wakaenda stendi. Saa tano na nusu taarifa ilikuwa mezani. Mkuu wangu alisema ni taarifa nzuri, fupi.

Jumatano Kulwa alikuja ofisini akanikosa. Maafisa ustawi tulikuwa uwanjani tunafunga vitambaa kwenye viti vya wageni. Alhamisi alinifuata huko huko kwenye sherehe, akapenya katikati ya watu wazima mpaka kwenye mstari wetu.

"Shikamoo, Mama. Doto hayupo."

"Marahaba. Najua. Amekwenda nyumbani. Njoo kesho, leo tuna mgeni."

"Nyumbani wapi?"

Sikupata nafasi ya kujibu, au niseme kweli, sikuitafuta. Mgambo alimwona, akamkimbiza. Wakati huo huo mgeni alikuwa amefika kwenye maneno kuhusu waliotembea wakilia katika nchi hii. Alitoa leso, akafuta macho. Tukapiga makofi. Nami nikapiga.

Ijumaa, kabla mhudumu hajamaliza kufagia, Kulwa alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ofisi. Hakuniamkia. "Nipe mwenzangu," akasema.

Nilimwingiza kwa mkuu wa idara na jalada mkononi. Nikamweleza kwamba aliyesafirishwa Jumanne ni Doto, si Kulwa, na kwamba nina wasiwasi na nyumba aliyopelekwa. Alifungua jalada, akapitisha kidole.

"Hapa Kulwa amerejeshwa kwa familia. Mhuri wa kijiji huu hapa. Jalada limefungwa."

"Kulwa ndiye huyu, Mheshimiwa."

"Haiwezekani. Kulwa yuko Nzega."

"Na Doto je?"

Akapekua orodha kutoka juu mpaka chini, kwa uangalifu kabisa, namsifu kwa hilo. "Doto hayumo kwenye orodha. Mtu asiyekuwamo kwenye orodha hawezi kupotea, Mama. Wewe ni mtu mzima, unajua."

"Na huyu aliyesimama hapa?"

Alimtazama Kulwa kwa mara ya kwanza. "Huyo atakuwa mtoto mpya. Mfungulie jalada. Kama naye anaitwa Kulwa, andika Kulwa wa Pili."

"Wa pili ni Doto," akasema Kulwa.

Mkuu wangu akaniangalia mimi. "Mtoe nje. Hana adabu."

Tulitoka. Nikamtafuta yule mgambo mwenye buti, nikamkuta nyuma ya jengo anakula pilau iliyobaki ya sherehe.

"Yule msichana ulimkabidhi kwa nani?"

"Nilimfikisha, Mama."

"Kwa nani?"

Akameza. "Kwa jamii."

Nilimshika sikio. Si utaratibu, msiniige. Ndipo akasema kweli. Walipita Nzega, wakashukia njia panda inayokwenda kijijini kwao kina Doto. Kutoka pale kulikuwa na mwendo mrefu wa miguu, na basi la kurudi lilikuwa limesimama tayari, na alikuwa ameahidiwa kupangwa kwenye ulinzi wa jukwaa. Pale njia panda alikutana na mtendaji wa kijiji, ambaye mhuri wake huutembeza mfukoni kama watu wanavyotembeza tasbihi. Fomu ikagongwa juu ya tangi la pikipiki. Doto akaachwa kando ya barabara na kuambiwa asubiri ndugu zake watapita.

"Alikuwa analia?" nikamwuliza.

"Hapana. Aliniuliza Tabora iko upande gani."

"Ukamwambia?"

"Basi lilikuwa linaondoka, Mama."

Niliomba gari. Gari lilikuwa linarudisha viti. Jumamosi nikapanda basi la alfajiri pamoja na Kulwa. Alikaa dirishani na furushi lao mapajani, akitazama kila mtu aliyetembea kando ya barabara, kila mmoja, mpaka shingo ikamkakamaa. Nilimnunulia maandazi hakula. Tulipokuwa tumeiacha Nzega nyuma ndipo akasema.

"Mama, nikipotea na mimi, utaandika nani?"

Nilijifanya nimesinzia. Mpaka leo sijui kwa nini watu wazima hudhani watoto hawajui usingizi wa uongo.

Pale njia panda palikuwa na vibanda vitatu na gereji ya baiskeli. Kwenye kibanda cha mwisho mama mmoja wa makamo, amejifunga kanga mbili, alikuwa anatandaza michembe kwenye turubai, vile viazi vitamu vinavyokatwa vibichi na kuanikwa. Nyuma yake, juu ya kinu kilicholazwa, Doto alikuwa anamenya viazi.

Nilidhani watakumbatiana. Kulwa alikwenda akasimama mbele yake.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Mbona hukurudi?"

"Sikujua upande."

Kulwa akakaa chini kwenye vumbi, akaanza kulia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kama mtoto mdogo. Doto aliendelea kumenya kiazi kile mpaka kikaisha, akakiweka kwenye beseni, ndipo akamshika mwenzake kichwa.

Yule mama aliitwa Mama Shija. Nilimsalimu kwa Kinyamwezi, mwangaluka, nikijua lugha hufungua mlango. Akaitikia, na mlango akaufunga pale pale.

"Wewe ndiye nani?"

Nikatoa kitambulisho. Hakukigusa.

"Aliyemtupa hapa naye alikuwa na kitambulisho. Alikivaa shingoni. Nakuuliza, wewe ndiye nani kwa mtoto huyu?"

"Ni afisa ustawi wa jamii, mama. Nimekuja kumchukua."

"Kumpeleka wapi?"

Nilipanda basi kwenda kumtafuta mtoto, na sikuwa nimefikiri hata hatua moja baada ya kumpata. Mama Shija aliliona hilo usoni mwangu kama anavyoona kiazi kilichooza. Akanivutia kigoda, tena kile kifupi, nikakaa chini kuliko yeye.

"Jumanne jioni nilimkuta amesimama pale kwenye kibao," alisema. "Nikamwuliza jina. Akasema Doto. Nikamwuliza, Kulwa yuko wapi? Ndipo akaanza kusema, na tangu hapo nimejua yote. Ya baba yao mdogo nimeyajua. Ya lori nimeyajua. Sasa nikuulize wewe. Huko ofisini kwenu, wote mliosoma, alipotaja jina Doto, hakuna aliyeuliza Kulwa yuko wapi?"

Nilimjibu kwamba hakuna. Nikataka kuongeza habari za basi la saa nne, nikaacha.

Doto alikuwa ameinua kichwa, ananitazama mdomoni. "Ni huyu, Mama Shija," akasema. "Ndiye aliyesema tutayamaliza nyumbani."

Mama Shija hakunitukana. Heri angenitukana. Alitikisa kichwa tu, akaniuliza kama nimekula, akanipa uji. Nilikunywa, na sijawahi kunywa uji mgumu kuteremka kama ule. Baadaye ndipo aliponieleza, kwa sauti ya kuzungumzia mvua, kwamba kabla ya mwanawe Shija alizaa mapacha, surua ikawachukua wote wawili katika juma moja. Nilipaswa kulitambua bila kuelezwa. Kwetu mtoto haitwi Shija ila amefuata mapacha. Lakini wiki hiyo sikuwa mtu wa kutambua majina.

Halafu akawaita wasichana wote wawili, akawakalisha mbele yetu. Akafanya kazi yangu.

Akamwuliza Doto kwanza. Unataka nini? Doto akasema anataka kukaa pale, na anataka shule, na Kulwa akae naye. Akamwuliza Kulwa. Kulwa akasema Tabora kuna baraza lao, na fundi, na yeye hapendi kijiji. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kwa Kisukuma, haraka haraka, huku wanasukumana mabega, na Mama Shija aliwaacha wabishane. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye warsha za haki ya mtoto ya kusikilizwa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu mzima amenyamaza mpaka watoto wakamaliza. Mwishowe Kulwa akatoa hukumu: atakaa wiki moja aone.

"Na wewe," Mama Shija aliniambia, "baba yao mdogo akija hapa, nimwambie nini?"

Hilo nililijua. Nilikwenda kijijini kwa mtendaji yule mwenye mhuri wa mfukoni, nikakaa naye mpaka akaandika, mbele yangu na mbele ya mashahidi wawili, kwamba watoto wale wako chini ya uangalizi wa Mama Shija na baba mdogo asiwaguse. Alisema hana muda. Nikamwonyesha mhuri wake kwenye fomu ya Jumanne, nikamwuliza kama angependa tuizungumzie hiyo wilayani. Muda ukapatikana. Nilikwenda pia kwa mwalimu mkuu, nikawaandikisha wote wawili, kila mtu kwa jina lake. Kabla sijaondoka Mama Shija alichukua daftari la shule la Shija, akaniamuru niandike kwamba nimeacha watoto wawili, lini, kwa nani, na nitarudi lini kuwaona. Akaita fundi baiskeli awe shahidi. Kisha akanitaka nikisome kwa sauti nilichoandika.

Nilirudi Tabora Jumatatu. Niliandika taarifa ya kweli, nikianza na maneno ya watoto, nikaruka mstari. Mkuu wangu aliisoma, akasema takwimu za zoezi zimeshapelekwa juu na zimepongezwa, kwa hiyo taarifa yangu itawachanganya watu. Nilisema naomba basi iwekwe kwenye jalada. Akasema jalada limefungwa. Nilipoendelea kuomba, wiki ya tatu, nikahamishiwa Sikonge, "kwa ajili ya kuimarisha huduma pembezoni." Sikonge nilijifunza asali, vumbi na uvumilivu. Mkuu wangu alipelekwa masomoni. Jalada lile bado lipo masjala, vijana. Mkilifungua mtakuta Kulwa amerejeshwa kwa familia, saini yangu chini, na wino haujapauka hata kidogo.

Ile wiki moja ya Kulwa haikwisha. Niliwatembelea mara chache miaka ya mwanzo, nikipeleka daftari na sare. Doto alinipokea. Kulwa kila mara alikuwa na kazi ya haraka kisimani. Halafu safari zikapungua, mnavyojua, tukawa watu wa kusikia habari tu: wamemaliza la saba, Doto ameshika biashara ya Mama Shija magoti yalipomshinda mama wa watu, Kulwa amejifunza cherehani na ana duka Nzega mjini.

Mwezi uliopita, baada ya saa ya ukutani na hotuba, nilipanda basi nikaenda. Kibanda sasa kina bati na kuta za tofali za kuchoma. Mama Shija amekaa ndani, haoni vizuri, lakini aliijua sauti yangu. Doto ni mwanamke mpana, ana mtoto mgongoni. Nilimwomba radhi pale pale nimesimama, kabla ya kukaribishwa, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzungumzia hali ya hewa.

"Mimi, Mama, nilishakusamehe siku nyingi," alisema. "Ulikuja kunifuata. Kulwa ndiye bado."

"Kulwa nilikuja naye."

"Ulikuja naye Jumamosi. Yeye alikuwa anakutafuta tangu Jumatano."

"Huja hapa kila Jumapili," Doto akaongeza. "Ukitaka, msubiri."

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na kanga moja na mswaki. Nilisubiri. Nililala kwa Mama Shija siku tatu, nikamchambulia mchele, nikamsomea barua za mwanawe Shija aliyeko jeshini.

Jumapili mchana Kulwa alishuka kwenye pikipiki, amependeza, amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Akaniona. Aliniamkia shikamoo kama mtu anavyomwamkia mzee asiyemjua. Nilisimama nikasema niliyokwenda kusema: kwamba Jumanne nilijua na nikatia saini, kwamba Alhamisi nilimwona na nikampigia makofi mgeni, kwamba njiani sikuwa nimelala.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatisha hata mara moja.

"Nimesikia," akasema.

Kwa Kiswahili chetu mnajua, nimesikia si nimekubali. Alivua viatu vyake vizuri akaviweka mlangoni, akajifunga kanga juu ya gauni, akaenda kukaa karibu na beseni la viazi pembeni ya Doto. Walimenya pamoja. Mimi nilibaki nimesimama juani na mikono yangu.

Kulwa akachukua kisu cha pili, akakifuta kwenye kanga, akanisukumia juu ya turubai pamoja na kiazi.

"Kata vyembamba," akasema, bila kuniangalia. "Vinene vinaoza ndani."